Ukuta wa Marumaru na Mpira wa Tenisi: Historia Fupi ya Kujikanda Misuli

Katika Historia Augusta, mkusanyo wa habari za maisha ya makaisari wa Rumi ulioandikwa kwa Kilatini, mna kisa kimoja cha Kaisari Hadrian, aliyetawala tangu mwaka 117 hadi 138. Kaisari huyo alizoea kwenda kuoga katika hamamu za umma pamoja na raia wake. Siku moja akamwona askari mstaafu, mtu aliyemfahamu tangu jeshini, akijisugua mgongo kwenye ukuta wa marumaru. Akamwuliza sababu. Mzee akajibu kuwa hana mtumwa wa kumsugua. Hadrian akampa watumwa, na juu yake akampa fedha za kuwatunza. Siku nyingine alipofika hamamuni alikuta wazee kadhaa wamejipanga ukutani, kila mmoja anajisugua kwa bidii zake zote. Kaisari akawaita, akawaambia wasuguane wao kwa wao.

Wanahistoria hawakiamini sana kitabu hicho, maana kina mengi ya kubuni, nasi hatuwezi kuapa kwamba kisa hiki kilitokea. Lakini hata kama ni cha kubuni, aliyekibuni aliujua mgongo wa binadamu. Mgongo ukikaza kuna njia tatu: mkono wa mtu anayeamrishwa au anayelipwa, mkono wa mwenzako, na ukuta. Katika makala haya tunazifuata njia hizo tatu mpaka zilipotufikia sisi, wanachama wa chama cha Kiswahili hapa London, ambao wengi wetu tunaishi mtu na chumba chake, na ambao kila ufikapo msimu wa mitihani shingo huwa ngumu kama mchi. Nyumbani tungejua wa kumwendea. Hapa jirani wa chumba cha pili humjui hata jina.

Kukanda mwili kwa ajili ya tiba ni jambo la kale. Galen, tabibu wa Kigiriki aliyeanza kazi kwa kuwatibu wapiganaji wa uwanjani huko Pergamon, aligawa namna za kusugua kwa nguvu ya mkono (ngumu, laini, wastani) na kwa kiasi (kidogo, kingi, wastani), akapata aina tisa. Ibn Sina naye, katika Qanun yake ya karne ya 11, alitenga kusugua kunakofanywa kabla ya mazoezi ili kuuandaa mwili na kule kunakofanywa baadaye ili kuondoa uchovu. Kocha wa leo hana la kuongeza hapo. Tatizo ni kwamba vitabu hivi viliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye watumishi. Yule mzee wa ukutani hamo.

Tukigeukia lugha yetu, tunakuta msamiati ulioshiba. Kukanda ni kitenzi kile kile cha unga wa chapati na cha udongo wa mfinyanzi: kubonyeza, kugeuza, kubonyeza tena mpaka kilichokuwa kigumu kilainike. Kuchua ni kusugua kwa kurudiarudia, aghalabu kwa mafuta, ya nazi au ya karafuu. Kusinga kuna manukato ndani yake, ndiyo maana huwezi kulisema neno hilo bila kuwaza liwa na bibi harusi. Walimu wetu wa sarufi watatuunga mkono tukisema kwamba vitenzi hivi hupenda kauli ya kutendwa. Mzazi hukandwa. Bibi harusi husingwa. Mtoto mchanga huchuliwa. Kauli ya kujitenda, kujikanda, ipo na ni sahihi, ila masikioni ina upweke fulani. Kinyozi hajinyoi.

Na ndivyo mambo yalivyokuwa, na mahali pengi ndivyo yalivyo hadi leo. Katika siku 40 baada ya kujifungua, mama hukaa chini ya uangalizi wa mama yake, mama mkwe, shangazi au mwanamke mwingine mzoefu, akakandwa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto: tumbo, kiuno, mgongo. Wakunga wa hospitali siku hizi huonya kuhusu maji yanayochoma na kuhusu kuligandamiza tumbo la aliyepasuliwa, na onyo hilo lina haki yake. Hata hivyo mama aliyelala na mtoto usiku kucha anajua kuwa maji peke yake hayatoshi, mkono unaoyashika una kazi yake. Baba naye akirudi shambani au bandarini na kiuno kilichokaza, hulala kifudifudi mkekani akamwita mtoto ampande mgongoni na kumkanyagakanyaga. Uzito wa mtoto wa miaka mitano au sita unatosha kabisa. Mtoto anaona ni mchezo, baba anaona ni dawa. Gharama hakuna.

Lakini tusiipambe historia yetu kupita kiasi. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuondoka mwaka 1866 kwenda Ulaya, ambako alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anapoeleza siku ya kawaida katika nyumba za kifalme, anasimulia jinsi matajiri walivyoamshwa asubuhi kwa mikono ya kijakazi aliyewakanda viungo taratibu, na jinsi walivyokandwa tena usiku mpaka usingizi uwachukue. Yeye anaandika kama mtu anayekumbuka starehe iliyompotea, na kwa binti aliyekuwa akiishi katika baridi ya Ujerumani, mbali na nduguze, tunamwelewa. Lakini kijakazi yule hakuandika kitabu. Hatujui nani alimkanda yeye mgongo baada ya kuinama usiku kucha juu ya mwili wa mtu mwingine. Unguja utumwa haukupoteza nguvu ya kisheria mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo tunaposikia kwamba zamani watu walikandana, ni haki kuuliza nani alikuwa na uhuru wa kukataa.

Hapa Uingereza hadithi ilikuwa na sura nyingine, na ilianza kwa mgeni. Sake Dean Mahomed alizaliwa Patna, India, mwaka 1759, akalitumikia jeshi la Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, akahamia Ireland, kisha London, ambako mwaka 1810 alifungua mkahawa wa vyakula vya Kihindi uliomfilisi. Akahamia Brighton, mji wa pwani, akafungua nyumba ya kuogea kwa mvuke. Mteja aliketi ndani ya hema la flaneli lililojaa mvuke wenye harufu ya mimea, na mkandaji akapitisha mikono yake katika mikono ya hema, kama mikono ya kanzu, akamkanda bila kuingia. Watu waliokuja kwa mzaha walirudi kwa magongo yao, halafu wakayaacha magongo ukutani. Mahomed akapewa heshima ya kuwa mkandaji wa Mfalme George IV na wa mrithi wake William IV, na mwaka 1822 akachapisha kitabu kuhusu kazi yake. Jina la kazi hiyo kwa Kiingereza, lililotokana na neno la Kihindi la kukanda, lilikuwa shampooing. Ndiyo, ni neno hilo hilo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Mwingereza aliyesema shampoo alikuwa na maana ya kukandwa viungo. Kichwa na povu vilikuja baadaye, na kwetu likafika likiwa shampuu, limeshasahau mgongo.

Halafu likaja suala la heshima. Mwaka 1894 magazeti ya London yalijaa habari za nyumba zilizojiita za kukanda kumbe zilikuwa madanguro, na hata jarida la madaktari wa Uingereza likaonya. Wauguzi na wakunga wanne, Rosalind Paget akiwa mmoja wao, wakaunda chama cha wanawake waliosomea kukanda, chenye mitihani na masharti makali, mojawapo likikataza kuwakanda wanaume kiholela bila idhini ya daktari. Chama hicho kikapata hati ya kifalme mwaka 1920, na ndicho mzazi wa chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza wa leo. Mkono wa jirani ukawa mkono wa mtaalamu. Ukawa salama zaidi, hilo hatulipingi. Ukawa pia wa miadi na wa ada, na anayemngoja fiziotherapia katika foleni ya matibabu ya bure hapa nchini ataelewa tunasema nini.

Wakati huo huo madaktari walikuwa wanakitafuta kile kitu chenyewe ambacho kidole hukihisi: fundo. Tunasema fundo la kamba na fundo la moyo, na mtu anayekandwa naye husema hapo hapo, hapo kuna fundo. Mwaka 1843 Mjerumani Robert Froriep alieleza ugumu kama wa kamba ndani ya misuli ya wagonjwa wa baridi yabisi, akauita sugu ya msuli. Mwaka 1904 William Gowers, katika mhadhara kuhusu maumivu ya kiuno alioutoa katika hospitali ya maradhi ya neva ya Queen Square, alibuni jina jingine akidhani kwamba ni nyuzi za msuli zilizovimba kwa uchochezi. Uchochezi wenyewe haukupatikana, jina likadumu miaka mingi. Queen Square si mbali na maktaba zetu hapa Bloomsbury. Ni bustani ndogo yenye viti vya mbao, na mchana wa jua utawakuta watu wameketi pale wanajinyoosha shingo.

Hatua iliyobadilisha mambo kweli ilichukuliwa jirani tu na hapo, katika hospitali ya University College. Daktari kijana Jonas Kellgren, akiwa chini ya Thomas Lewis, alichoma sindano za maji ya chumvi kali ndani ya misuli ya watu waliojitolea, naye mwenyewe akiwemo, kisha akachora mahali walipohisi maumivu. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1938 yalionyesha kwamba msuli ukichomwa hapa, mtu huweza kulalamika kule: ukiugusa wa nyonga, maumivu yanashuka mguuni. Kila bibi aliyewahi kukanda watu angeweza kumwambia hivyo, lakini Kellgren aliweka ramani, na ramani husafiri kuliko bibi.

Ilisafiri hadi New York kwa Janet Travell. Mwaka 1942 yeye na wenzake walichapisha makala kuhusu maumivu ya bega na mkono, wakitibu kwa kuchoma dawa ya ganzi katika vile vinundu. Travell alivifananisha na kifyatulio cha bunduki: unagusa hapa, risasi inatua kwingine. Mgonjwa wake mashuhuri alikuwa John F. Kennedy, aliyemjia mwaka 1955 akiwa seneta mwenye mgongo ulioharibika. Travell aligundua kuwa mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine, akamwekea kisigino cha kiatu kilichoinuliwa, akampendekezea kiti cha bembea ambacho baadaye dunia nzima ilikiona katika picha. Mwaka 1961 akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari binafsi wa rais wa Marekani. Sifa hiyo isitufiche lililofuata. Kufikia mwisho wa mwaka ule ule, madaktari wengine wa ikulu walihofia wingi wa sindano, wakamleta Hans Kraus, mtu wa mazoezi, na mgongo wa rais ukapata nafuu kwa mazoezi.

Mshirika wa Travell katika kitabu kikubwa cha mwaka 1983, David Simons, ana kisa ambacho hatukuweza kukiacha. Alikuwa daktari wa jeshi la anga, na Agosti 1957 alipanda angani kwa puto, ndani ya chombo chenye upana usiofika mita moja, hadi zaidi ya kilomita 30 juu ya ardhi, akakaa humo saa 32. Hatudai kuwa hiyo ndiyo sababu iliyomfanya atumie maisha yake yaliyobaki kuchunguza misuli iliyokaza. Lakini aliyewahi kupanda ndege ya usiku kutoka Dar es Salaam akiwa kiti cha katikati anaweza kuwaza.

Sindano zote hizo zilikuwa bado za daktari. Aliyeziondoa ni Bonnie Prudden, mwalimu wa mazoezi aliyekuwa akifanya kazi na madaktari hao akiwatafutia na kuwawekea alama mahali pa kuchoma. Mwaka 1976, kwa maelezo yake, alimbonyeza mtu mwenye shingo iliyokaza kwa nguvu kuliko kawaida, na kabla sindano haijafika shingo ikageuka. Kumbe kidole kilitosha. Kisha akaja Clair Davies, fundi wa kutengeneza piano wa Marekani. Bega lake lilipoganda na matibabu ya kawaida yasimsaidie, alivisoma vitabu vya Travell na Simons mwenyewe, vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya madaktari, akajitibu kwa mikono yake. Mwaka 2001 alichapisha mwongozo wa kujitibu kwa watu wa kawaida, ukiwa na michoro ya kila msuli na jinsi ya kuufikia ukiwa peke yako: kwa vidole, kwa kiwiko, kwa mpira ulioegemezwa ukutani. Yule askari wa Hadrian hatimaye akapata kitabu chake.

Je, fundo lenyewe lipo? Hapa wasomi hawajakubaliana, na tungekuwa wazembe tusiposema. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo wataalamu, Simons mmoja wao, waliwapima watu kwa vidole bila kujua nani mgonjwa na nani mzima, na hawakupatana vya kutosha juu ya mahali pa vinundu. Miaka miwili baadaye John Quintner na Milton Cohen wa Australia waliandika kwamba nadharia nzima inazunguka, na kwamba chanzo huenda ni neva. Wanaotetea wanasema mbinu za kupima zimekuwa bora tangu hapo. Sisi tunaona jambo moja halibishaniwi sana: mtu akibonyezwa mahali panapouma, kwa subira, mara nyingi hupata nafuu ya muda na shingo hugeuka zaidi. Kwa nini, hilo liko wazi kwa mwanafunzi wa tiba anayetafuta mada.

Kwa hiyo tuseme inavyofanywa. Chukua mpira wa tenisi, uutie ndani ya soksi ndefu. Simama ukiupa ukuta mgongo, tupa soksi juu ya bega na uishike mbele, mpira ubaki kati yako na ukuta, pembeni mwa uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa wenyewe. Kunja magoti kidogo ili mpira upande na kushuka polepole mpaka ufike panapouma kwa namna ya kusema ndiyo hapo. Simama hapo. Pumua. Egemea kwa uzito unaovumilika. Ukikunja uso umezidisha. Dakika moja au mbili zinatosha, kisha rudia baadaye siku hiyo hiyo, kwani kidogo mara nyingi hushinda kingi mara moja. Usisahau nyuma ya kombe la bega: msuli wa hapo, kwa ramani ya Travell, hupeleka maumivu mbele ya bega, na wengi wetu husugua mbele bure. Kwa shingo, tumia vidole chini ya kisogo na juu ya bega tu. Mbele ya shingo pana mishipa mikubwa ya damu, usipabonyeze.

Yapo mambo ambayo mpira hauyawezi, na hapa hatutanii. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani si fundo, piga 999. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyama ya chini ya goti, hasa baada ya safari ndefu ya ndege, usiukande kabisa, huenda ni damu iliyoganda. Piga 111 au nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ganzi, mkono kuishiwa nguvu, homa pamoja na shingo ngumu, au kiuno kinachouma huku mkojo haushikiki, yote hayo ni ya daktari, tena haraka.

Kuhusu soksi, zile ndefu za kandanda ndizo zinazofaa. Fupi huuachia mpira, na ukuta wa bweni ni mwembamba: mwenzetu mmoja aliuangusha mara tatu usiku mmoja, jirani akaja kugonga mlango kuuliza kuna nini. Alielezwa. Akaomba naye ajaribu.